Hanukkah ya kutengenezwa nyumbani: kinara, pia ya kuchezea na vya kukaanga

Swali: Nimekulia Tanga, sasa naishi Toronto. Mume wangu ni Myahudi, na watoto wetu wana miaka minane na mitano. Mwaka huu wa 2026 mama mkwe anakuja kwetu usiku wa kwanza wa Hanukkah, ile sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, naye anashika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula. Mapambo ya plastiki ya dukani siyataki. Ni vitu gani rahisi vya kutengeneza na watoto, na ni vitafunwa gani nitakavyoviweza bila kuaibika? Maandazi na kaimati nazijua vizuri. Latke, vile vibapa vya viazi vya kukwangua na kukaanga, nilijaribu mara moja, zikawa uji wa mafuta.

Jibu: Dada, kabla ya gundi na unga, tazama kalenda. Hanukkah huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev, na kwa hesabu ya Kiyahudi siku huanza jua likizama. Mwaka 2026 jioni hiyo inaangukia Ijumaa, tarehe 4 Desemba, yaani usiku wa kuamkia Sabato. Siku nyingine mishumaa ya Hanukkah huwashwa giza likiingia. Ijumaa huwashwa mapema, jua halijazama, tena kabla ya mishumaa ya Sabato yenyewe, kwa sababu Sabato ikishaingia hakuna kuwasha moto. Toronto siku hizo jua linazama kama saa kumi na dakika arobaini. Kwa hiyo saa kumi na robo muwe mmesimama mbele ya kinara, na kila cha kukaanga kiwe kimeshatoka kwenye mafuta.

Kuna jambo jingine la Ijumaa ambalo huwaponyoka wengi. Mishumaa inatakiwa iwe bado inawaka nusu saa baada ya nyota kutoka, kwa hiyo jioni hiyo inabidi idumu kama saa moja na nusu. Ile myembamba ya rangi mbalimbali inayouzwa kwa boksi huisha kwa nusu saa hivi. Usiku wa kwanza unahitaji miali miwili tu, kwa hiyo nunua mishumaa ile mifupi inayokaa ndani ya kikombe chembamba cha bati, ambayo hudumu saa tatu au nne, uiweke juu ya kinara penye nafasi zake. Boksi lianze kazi Jumamosi usiku. Hesabu ya siku zote nane, pamoja na mshumaa wa kuwashia wa kila usiku, ni mishumaa 44, na ndiyo sababu maboksi hufungwa kwa idadi hiyo.

Halafu mpigie simu mama mkwe. Kushika kosher kuna ngazi. Wako wanaokula chochote kisicho na nyama iliyokatazwa, na wako wasiogusa chakula kilichopikwa kwenye sufuria ambayo nyama ya aina hiyo iliwahi kupita. Muulize mambo mawili bila kuona haya: atakula kilichopikwa kwa vyombo vyako? Na chakula cha usiku kitakuwa cha nyama au cha maziwa? Akisema vyombo ni tatizo, muulize kipi kitamridhisha: kikaango kipya, mafuta mapya na unga wa pakiti yenye alama ya kosher huenda vikatosha, au akapenda mkakaangie kwake. Kama pia hapandi gari Sabato, mwandalie mahali pa kulala. Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua mapishi, maana nyama na maziwa haviliwi pamoja. Meza ikiwa na kuku, hakuna siagi kwenye donati wala krimu juu ya latke.

Na hapo mpishi wa Tanga yuko mbele ya wenzake. Chakula kisicho cha nyama wala cha maziwa huitwa parve, nacho huenda na meza yoyote. Tui la nazi ni parve. Wapishi wengi wa Amerika ya Kaskazini huhangaika kutafuta cha kutia badala ya maziwa, na wewe unga wa tui umeukanda tangu utotoni. Soma tu lebo: tui la unga la pakiti mara nyingi huchanganywa na protini ya maziwa, inayoandikwa kasini au kaseinati, na hapo si parve tena. La kopo lenye nazi na maji peke yake ndilo salama.

Kuhusu asili ya sikukuu, watoto wanahitaji maneno machache tu. Ni ile ambayo Biblia ya Kiswahili, katika Yohana 10:22, huiita Sikukuu ya Kutabaruku: mwaka 164 hivi kabla ya Kristo Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilikomboa Hekalu la Yerusalemu kutoka kwa mfalme Antioko wa Nne na kuliweka wakfu upya. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, inaeleza kuwa palipatikana chupa moja tu ya mafuta safi, ya kutosha siku moja, nayo yakawaka siku nane. Ndiyo maana jikoni kila kitu kinaogelea kwenye mafuta, na mezani kila kitu kinazunguka taa.

Anzeni na kinara, kwa sababu gundi yake inahitaji siku nzima kukauka. Cha Hekaluni kilikuwa na matawi saba. Cha Hanukkah kina nafasi tisa: nane za siku nane, na moja ya mshumaa mtumishi, shamash, unaowasha mingine. Nane zikae kwenye mstari mmoja na kwa kimo kimoja. Mtumishi ainuliwe au atengwe ili ajulikane. Kanuni ni hizo basi. Umbo lililobaki ni lenu.

Kinachodumu na kisichoshika moto ni kipande cha kigae cha sakafu na nati za chuma. Tafuta kigae chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 10. Duka la vigae litakukatia. Nati chukua kumi na moja, na uende dukani na mshumaa mmoja mkononi, kwa sababu unene wa mishumaa hutofautiana. Nati ya namba 10 ina tundu la milimita nane na nusu hivi, ya namba 12 ina kama milimita kumi. Mshumaa uingie kwa kusukumwa kidogo. Ukipwaya, zungushia foili chini yake. Ukikataa kuingia, pasha kitako chake kwa mwali sekunde mbili kisha usukume.

Nati mpya hutoka kiwandani na mafuta, na watu wengi hulaumu gundi wakati kosa ni uchafu huo. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, zikauke kabisa. Uso wa kigae unaong'aa nao haushiki: usugue kwa msasa mahali nati zitakapokaa, au geuza kigae utumie mgongo wake. Mtoto wa miaka minane apime kwa rula na kuweka alama nane, kila moja sentimita tatu na nusu kutoka kwa mwenzake. Msipunguze hapo. Mishumaa ikibanana, joto la mmoja huyeyusha jirani yake, yote huinama, na miali hukutana ikawa kama moto wa kuni; hilo halitakiwi hata kwa sheria yenyewe, kwa kuwa kila mwali unapaswa kuonekana peke yake. Nafasi ya tisa ikae pembeni, sentimita sita kutoka ya mwisho, na hapo ubandike nati tatu moja juu ya nyingine ili mtumishi asimame juu ya wenzake.

Gundi iwe epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Gundi ya moto ya bastola ni rahisi na watoto wanaipenda, lakini hulainika kwa joto, na mshumaa unapofika chini kabisa nati itateleza na moto wake. Epoksi ibandike mwenyewe, dirisha likiwa wazi, uache saa 24. Watoto wapake rangi pembeni na mbele ya kigae, si ndani wala karibu na matundu.

Mdogo wa miaka mitano atataka chake. Mpe unga wa chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji robo tatu ya kikombe, ukiyatia kidogo kidogo, kisha ukandwe dakika kumi hadi uache kunata. Afinyange mkate mrefu usiozidi unene wa sentimita moja na nusu, azamishe nati tisa ukiwa bado mbichi. Ukaushe kwenye oveni nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa tatu, ukiugeuza katikati ya safari. Oveni ikiwa kali unga utavimba na kupasuka. Ukiwa mnene utakauka nje na kubaki tope ndani, na baada ya wiki utaota ukungu. Kinara hiki kiwe cha kupamba dirisha, bila moto.

Usiku wa kuwasha, mishumaa hupangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, usiku wa pili miwili, wa tatu mitatu, lakini huwashwa kuanzia kushoto, yaani mpya hupata moto kwanza. Watu huchanganya hapa kila mwaka. Baraka ni tatu usiku wa kwanza, na mbili kila usiku unaofuata, hizo aziseme mumeo. Kinara kiwe karibu na dirisha lakini si chini ya pazia. Sinia la bati liwe chini yake, nywele ndefu za watoto zifungwe, na mtu mzima asitoke chumbani hadi miali yote izime. Ipo pia desturi ya akina mama kutofanya kazi mishumaa inapowaka, kwa nusu saa. Desturi nzuri kweli; panga upishi wako uitii.

Sasa mchezo. Dreidel ni pia, hii hii ya kuzungusha chini, ila ina pande nne zenye herufi za Kiebrania: nun (נ), gimel (ג), hei (ה) na shin (ש). Ni vifupisho vya maneno "muujiza mkubwa ulitokea kule". Israeli huandika pei badala ya shin, ili isomeke "ulitokea hapa". Toronto ni "kule", kwa hiyo shin.

Kwa pia ya karatasi tumia manila nzito. Chora ukanda wenye miraba minne ya sentimita tatu iliyoshikana, na ulimi wa gundi wa sentimita moja mwishoni. Chini ya kila mraba chora pembetatu yenye kimo cha sentimita mbili na nusu, na juu ya mraba mmoja chora mwingine wa kuwa kifuniko. Acha ndimi nyembamba za kubandikia kwenye ukingo mmoja wa kila pembetatu na kwenye kifuniko. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyokauka wino juu ya mistari yote kwa rula, ili karatasi ikunjike sawasawa na isipinde ovyo. Herufi ziandikwe sasa hivi, ukanda ukiwa bapa, na ziende kulia kwenda kushoto kama Kiebrania kinavyosomwa. Mwambie mtoto aangalie mambo mawili. Gimel ina mguu mdogo mbele unaoacha pengo chini, na bila pengo hilo huonekana kama nun, mchezo ukazua ugomvi. Hei nayo mguu wake wa kushoto haugusi paa. Ukiugusisha imegeuka herufi nyingine, chet, na mama mkwe ataiona kutoka mlangoni.

Kijiti cha mshikaki ukikate kiwe na sentimita nane. Kipite katikati kabisa ya kifuniko, kitokeze nusu sentimita kwenye ncha ya chini na sentimita mbili na nusu juu ya kushikia. Tafuta katikati kwa kuchora mistari miwili ya pembe kwa pembe. Zinapokatana ndipo tundu lilipo. Pia inayoyumba na kulala mara moja ina moja ya kasoro tatu: kijiti kimekwenda upande, kimechongoka mno kikawa kinachimba kitambaa cha meza, au kimetokeza sana chini na uzito wote umekaa juu. Punguza chini kwanza. Izungushwe juu ya sahani kubwa au trei, kwa sababu kwenye zulia haichezi.

Kila mchezaji awe na sarafu kumi na tano, aweke moja katikati. Nun: hapati kitu. Gimel: anazoa zote. Hei: anachukua nusu. Shin: anaongeza moja. Chungu kikiisha, kila mtu aweke moja tena.

Sarafu hizo ni za chokoleti, gelt, na za kutengeneza nyumbani ni tamu kuliko za kwenye wavu, ambazo mara nyingi zina maziwa na ladha ya nta. Gramu 200 za chokoleti nyeusi ya parve hutoa kama sarafu 35. Katakata yote laini. Yeyusha theluthi mbili kwenye bakuli juu ya mvuke wa maji yasiyochemka, kitako cha bakuli kisiguse maji. Ondoa, tia theluthi iliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga hadi ipoe kufikia nyuzi 31 au 32. Bila kipimajoto, weka tone mdomoni: uhisi ubaridi kidogo, si joto. Chota kijiko kidogo kimoja kimoja, udondoshe juu ya karatasi ya kuokea, kisha ugonge trei mezani ili duara litandazike. Chokoleti ikiganda na madoa meupe, ulipita hatua ya kupoza. Inalika, ila haing'ai. Ikiganda ghafla kuwa kama udongo ingali kwenye bakuli, tone la maji au mvuke limeingia. Hiyo hairudi kuwa sarafu. Iongezee maji ya moto iwe mchuzi wa donati.

Nyota za vijiti vya barafu, pembetatu mbili zilizolaliana, watoto watazimaliza kwa dakika ishirini bila wewe. Dreidel za peremende laini nyeupe zilizochomekwa kijiti sizipendekezi: peremende hizo kwa kawaida zina jelatini, na jelatini ya kawaida mtu wa kosher haigusi.

Latke sasa. Uji wa mafuta ulioupata una sababu moja iliyozaa nyingine: maji. Kiazi kina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Yakibaki, mafuta hupoa yanapoyachemsha, na kiazi kilicho kwenye mafuta ya vuguvugu hakikaangiki. Kinachemka, kinamumunyuka na kunywa mafuta.

Nunua viazi vya wanga mwingi, vile virefu vyenye ganda la kahawia vinavyouzwa Kanada kwa jina la Russet. Viazi vya mviringo vyenye ngozi laini na nyama ya kunata vinafaa mchuzi, hapa havifai. Kilo moja ya viazi hutoa latke 18 hivi, na inahitaji kitunguu kimoja kikubwa, mayai mawili, vijiko vikubwa vinne vya unga wa ngano au wa matza (mkate wa Kiyahudi usiotiwa chachu, uliosagwa), chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, na pilipili manga. Mayai yapasue moja moja kwenye glasi kabla ya kuyamimina. Lenye tone la damu hutupwa.

Menya, kisha kwangua kwa matundu makubwa ya kikwangulio, yale ya karoti, ukipokezana kiazi na kitunguu. Maji ya kitunguu huchelewesha viazi kugeuka vyeusi. Matundu madogo yanatoa rojo, na rojo halina kingo za kukauka na kuwa kama kaukau. Usiache vimekwanguliwa ukaenda kupokea simu, kwani dakika kumi zinatosha kuvifanya vya kijivu.

Mimina yote kwenye kitambaa safi cha jikoni au kitambaa cha kuchujia tui, kusanya ncha, usokote kwa nguvu zako zote juu ya bakuli. Pumzika, sokota tena. Kama umewahi kukamua tui la kwanza, ni mkono ule ule, ila hapa unatupa kilichotoka na kubaki na machicha. Usikitupe chote. Yaache maji hayo yatulie dakika kumi, kisha uyamwage polepole. Chini ya bakuli utaona tope jeupe zito, gumu kiasi kwamba kijiko kinakwaruza. Huo ni wanga mtupu, na ndiyo gundi ya latke zako. Ukwangue, uurudishe kwenye viazi, ndipo utie mayai, unga, chumvi na pilipili. Chumvi iingie mwisho, kwa sababu huvuta maji mapya. Bakuli likianza kutoa maji katikati ya kazi, ni kawaida; kamua tonge mkononi kabla ya kuliweka kikaangoni.

Kikaango kiwe kizito. Mafuta ya alizeti au kanola, kina cha nusu sentimita, nyuzi 180. Bila kipimajoto, tupia uzi mmoja wa kiazi: utoe mapovu ya haraka mara moja na usigeuke mweusi. Chota vijiko viwili vikubwa, weka, bonyeza hadi unene wa sentimita moja. Kikaango cha sentimita 28 kinabeba nne, tano mwisho. Kisha usiziguse. Zikae dakika tatu hadi nne, mpaka uone kahawia ikipanda kwenye kingo, ndipo ugeuze mara moja tu. Inayovunjika wakati wa kugeuza imegeuzwa mapema. Nyeusi nje na mbichi ndani ni moto mkali au unene. Kati ya mikupuo subiri dakika moja mafuta yapate moto tena, na vipande vilivyobaki uviopoe kwa kijiko cha matundu kabla havijaungua na kuchafua ladha.

Zitolee kwenye wavu wa kupozea. Wengi huziweka juu ya karatasi, na upande wa chini unalainika kwa mvuke wake wenyewe. Oveni ya nyuzi 100 itazishika kwa nusu saa. Kwa Ijumaa, ushauri ni kuzikaanga asubuhi, uzipoze kwenye wavu bila kuzifunika, kisha saa tisa na nusu uzipashe nyuzi 200 kwa dakika nane. Zitakuwa nzuri. Za moja kwa moja kutoka kikaangoni ni nzuri zaidi, na hizo ziwekeeni Jumapili, usiku wa tatu, pasipo haraka ya Sabato. Kando yake wekeni rojo la tufaha, ambalo ni parve: matufaha manne yaliyomenywa, maji robo kikombe, ndimu nusu, dakika kumi na tano kwenye moto mdogo, yapondwe. Krimu chachu ni ya siku isiyo na nyama.

Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Maji kamwe. Na kwa kuwa ni Desemba na madirisha yamefungwa, washa feni ya jiko mapema, kengele ya moshi isije ikawa mgeni wa kwanza.

Sufganiyot, donati za jemu wanazokula Israeli, usizipike kwa unga wa maandazi. Andazi husukumwa jembamba na kuvimba likawa na uwazi. Sufganiya inatakiwa iwe na nyama laini kama mkate. Gramu 500 za unga, gramu 7 za hamira ya haraka, gramu 60 za sukari, chumvi kijiko kidogo kimoja kisichojaa, mayai mawili, mililita 40 za mafuta, mililita 120 za tui zito la kopo na 130 za maji ya uvuguvugu. Tui zito peke yake lina mafuta mengi na maji machache, unga ungekuwa mgumu. Kanda dakika kumi na uvumilie unavyonata. Mkono wa maandazi utataka kuongeza unga, uzuie. Uumuke saa moja na nusu, usukume unene wa sentimita mbili, kata kwa glasi ya sentimita saba, kila duara ukiliweka juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea. Liumuke tena dakika 40. Liteleze kwenye mafuta pamoja na karatasi yake, ambayo itajichomoa. Ukilibeba kwa vidole unalitoa pumzi.

Moto wake ni mdogo kuliko wa maandazi: nyuzi 170, dakika mbili kila upande. Donati iliyoumuka vizuri huelea na kubaki na mkanda mweupe kiunoni. Isipokuwa nao, iliumuka kidogo. Zikipoa, toboa ubavuni kwa kijiti, zungusha kufungua nafasi, utie vijiko vidogo viwili vya jemu kwa mfuko wenye ncha iliyokatwa, kisha sukari ya unga juu. Jemu ikitiwa donati ikiwa moto, huyeyuka na kuchuruzika.

Kama hayo yote ni mengi kwa Ijumaa moja, pika kaimati. Wayahudi wa Uturuki na Ugiriki hula Hanukkah kitu kinachoitwa bimuelos, vidonge vya unga wa hamira vilivyodondoshwa kwenye mafuta na kuzamishwa kwenye shira au asali, na ni ndugu kabisa wa kaimati ya pwani, kama sfenj ya Moroko ilivyo binamu. Ya tui, iliki na shira ya ndimu ni parve na ni ya Hanukkah bila kubadilisha chochote. Tia shira dakika za mwisho tu, ili zibaki na ukoko.

Kuanzia Jumapili asubuhi matundu ya nati yatakuwa yamejaa nta. Usichokoe kwa kisu, utang'oa gundi. Weka kinara chote kwenye friza nusu saa. Nta husinyaa na kutoka nzima kwa kusukumwa na kijiti. Itupe kwenye taka, si kwenye sinki.